Maji yanapopanda "sharply": ushauri kwa anayetafsiri Kibiti na deltani

Masika yakikolea, simu za Kibiti hujaa ujumbe uliotumwa na kutumwa tena. Baadhi huanzia kwenye taarifa ya Kiingereza. Mtaalamu ameandika kwamba kina cha maji ya Rufiji kinatarajiwa "to rise sharply", mtu mwenye nia njema ameigeuza haraka kwa Kiswahili, ameituma kwenye kundi la kijiji, na kufikia jioni imeshasomwa Nyamisati, Mbwera na Salale. Lakini kwa kuwa walioigeuza ni wengi, sentensi ile ile moja huwafikia watu ikiwa na sura tatu. Mmoja anasoma kwamba maji yatapanda kwa ukali. Mwingine anasoma kwamba yatapanda ghafla. Wa tatu anasoma kwamba yatapanda sana. Kila mmoja anafanya kulingana na alichosoma: wa kwanza anauogopa mkondo na kuuvuta mtumbwi wake juu, wa pili anadhani hana hata saa moja na anatoka usiku na watoto wadogo, wa tatu anakaa akingoja, maana maji ya Rufiji yamekuwa yakipanda sana tangu enzi za babu zake.

Tangu Aprili 2024 jambo hili si la darasani tena. Mafuriko ya mwezi ule yalizamisha nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na kabla watu hawajatulia, mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya upande wa Mafia na pwani ya kusini, barabara kuu ya kwenda Lindi ikakatika Somanga. Nyakati kama zile taarifa hutoka kila upande, na anayejua Kiingereza kidogo kijijini hugeuka mkalimani wa wote, ametaka hajataka. Makala haya nayaandika kwa ajili yake: mwalimu, mtendaji wa kijiji, muuguzi wa zahanati, kijana anayewatembeza wageni kwa boti, mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye baba yake anamwita barazani na kumwambia, "Hebu tusomee hapa wanasemaje."

Kosa huanzia kwenye kisu. Mtoto anafundishwa shuleni kwamba "sharp knife" ni kisu kikali, na tangu siku hiyo "sharp" kichwani mwake ni -kali, na "sharply" ni kwa ukali. Kwa kisu, panga na shoka, hana kosa. Tatizo ni kwamba -kali ya Kiswahili imetanda mbali sana. Tunasema jua kali, pilipili kali, mbwa mkali, mwalimu mkali, dawa kali, ulinzi mkali, ushindani mkali, baridi kali. Kiingereza kina neno jingine kwa karibu kila kimoja: pilipili ni "hot", mbwa ni "fierce", mwalimu ni "strict", dawa ni "strong", ulinzi ni "tight", ushindani ni "stiff". Ukimwambia mgeni kwamba mbwa wako ni "sharp", ataelewa kwamba mbwa huyo ana akili, na huenda akamnyooshea mkono.

Upande wa pili, "sharp" nayo hufika mahali ambapo -kali haifiki. Ni neno la Kiingereza cha kale, likiandikwa zamani "scearp", na asili yake ni ncha na makali. Kutoka kwenye ncha likahamia kwenye pembe: njia inayovunjika badala ya kupinda taratibu. Kutoka kwenye pembe likafika kwenye mstari wa grafu unaosimama karibu wima, ndiyo maana bei na joto na kina cha maji hupanda "sharply". Likaenda kwenye sauti, kwenye jicho, kwenye mpaka kati ya vitu viwili, kwenye maumivu ya mwili. Kinachounganisha yote haya ni badiliko lisilo na mteremko, mahali jambo linapogeuka bila kulainishwa. Hasira ni tawi moja tu la mti huo, na ndilo tawi ambalo "kwa ukali" yetu imelishika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote, ni huu: usiitafsiri "sharply" ikiwa peke yake. Tafuta kwanza kitenzi kilicho jirani nayo, uone kinasema kitu gani kinabadilika, kisha utafsiri vyote viwili kwa pamoja. Mara nyingi utakuta Kiswahili hakihitaji kielezi kabisa, kwa sababu kina kitenzi ambacho tayari kimebeba makali ndani yake. Bei ikishuka "sharply" imeporomoka. Ikipanda "sharply" imepaa. Mtu akisema "sharply" pengine amekaripia, pengine amejibu kwa mkato. Boti ikigeuka "sharply" imekata kona. Anayeng'ang'ania kuweka kielezi kila mahali Mwingereza alipokiweka huishia kuandika Kiswahili kinachosikika kama kimevaa viatu vya mtu mwingine.

Nirudi kwenye maji, maana hapo ndipo neno hili lina uzito kuliko mahali pengine popote kwa watu wa Kibiti.

Mwandishi wa Kiingereza anaposema kitu kimepanda "sharply", anasema mambo mawili kwa mara moja: kimepanda kwa kiasi kikubwa, na kwa muda ulio mfupi ukilinganisha na kawaida yake. Maneno yetu matatu yaliyozoeleka hushika upande mmoja tu. "Sana" inashika kiasi na kuacha muda. "Kwa kasi" inashika muda na kuacha kiasi, kwani maji yanaweza kupanda kwa kasi sentimita chache kisha yakasimama. "Ghafla" ndiyo inayopotosha zaidi, kwa kuwa inaongeza kitu ambacho mara nyingi hakimo katika Kiingereza: kushtukiza. Jambo lililotabiriwa siku tatu kabla halishtukizi mtu. Zaidi ya hapo, "mafuriko ya ghafla" ni jina la aina nyingine ya mafuriko, yale ya mvua kubwa inayojaza makorongo na mitaro ya mjini ndani ya saa chache na kuondoka.

Rufiji haiji hivyo. Mto huu unakusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, yaani ya sehemu kubwa ya nyanda za kusini mwa nchi. Maji yanayofika deltani leo ni mvua iliyonyesha mbali, siku zilizopita, na yanaweza kufika huku mbingu ya Kibiti ikiwa safi, pasipo tone. Mtu aliyeambiwa "ghafla" huangalia wingu. Asipoliona, hutulia. Mtu aliyeambiwa kwamba maji mengi yako njiani hutazama kijiti alichokichomeka ukingoni, na huko ndiko kwa kutazama.

Basi andika kitu kama hiki: "Maji ya mto Rufiji yanatarajiwa kuongezeka kwa wingi ndani ya siku chache zijazo. Walio mabondeni na wanaolala kwenye madungu shambani wahamie sehemu zilizoinuka mapema." Hakuna neno hata moja hapo linalotafsiri "sharply" moja kwa moja, na maana yote imo. Kama taarifa ya Kiingereza imetaja kina na siku, vitaje pia, kwa tarakimu. Kama haijataja, usibuni. Tafuta ofisi iliyotoa taarifa uulize: ni kiasi gani, kufikia lini, na kwa vijiji vipi? "Sharply" ni neno linaloficha tarakimu. Mwandishi anajua namba, msomaji wake wa ofisini anaiona kwenye jedwali, lakini anayeambiwa kwa mdomo kule Kiomboni hana jedwali. Kazi ya mkalimani mwema ni kuirudisha namba hiyo kwa anayeihitaji.

Na ukishaipata, linganisha na mwezi. Wanadelta wanajua bila kufundishwa na mtu kwamba bamvua, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari huingia ndani zaidi ya mikono ya mto. Maji ya juu yakishuka siku hizo, hukutana na bahari inayopanda na hukosa pa kwenda. Taarifa za Kiingereza mara chache hulisema hili kwa lugha ya kawaida. Ukiongeza sentensi moja, "siku hizo ni za bamvua, kwa hiyo tahadhari ni kubwa zaidi upande wa baharini", hujavunja uaminifu wa tafsiri, mradi useme wazi kwamba sentensi hiyo ni yako.

Maji yakipungua "sharply" nayo ni habari, na inastahili uangalifu ule ule. Kwa mkulima wa mlao, anayepanda kwenye udongo ulioachwa na maji, neno hilo linaamua siku ya kupeleka mbegu shambani. Mwambie "maji yametoka mengi kwa muda mfupi". Usimwambie "yamepungua kwa ukali", maana hajui ukali huo ni wa nini.

Sokoni, jambo ni lile lile na rahisi kidogo. Bei za korosho au ufuta mnadani "fell sharply": zimeporomoka. "Fell slightly": zimeshuka kidogo. "Fell gradually": zimeshuka taratibu. "Fell steadily": zimekuwa zikishuka mfululizo. Mwanafunzi anayeandika maelezo ya grafu kwa Kiingereza azijue hizi nne kama ngazi, kwa kuwa watahini wanapenda kuona kama anaweza kuzitofautisha. Lakini angalia kipimo cha muda. Mzalishaji anaweza kuandika kwamba mavuno "fell sharply" kati ya misimu miwili, na misimu miwili si muda mfupi kwa mtu anayesubiri ada ya shule. Hapo "ghafla" ni kosa kabisa. "Yameanguka mno kati ya msimu wa juzi na msimu uliopita" ndiyo sahihi. Na tafadhali, "bei imepanda vikali" tuiache. "Vikali" ni kielezi kizuri, kina makao yake, nami nitafika hapo, lakini bei haikasiriki.

Tuje kwenye njia na mito. Hapa -kali na "sharp" hukutana kwa amani: kona kali ni "sharp bend", barabarani na mtoni. Barabara ikipinda tu ni "bends". Ikipinda "sharply" inakata kona. Kijana anayewaongoza wageni deltani lazima awe na maneno haya mdomoni, kwa sababu sehemu kubwa ya hadithi anayosimulia imejengwa juu ya kona. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaja kujificha ndani ya delta hii. Milango ya mto ni mingi, Simba Uranga na Kikunja ikiwa miongoni mwake. Mikono yake inajikunja, na mikoko imesimama pande zote kiasi kwamba mwenye darubini baharini haoni kilicho nyuma ya kona ya kwanza. Meli kubwa za Waingereza zililinda milango kwa miezi bila kuweza kuingia kwenye maji yale madogo. Mwishowe zililetwa manowari mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamizwa. Mizinga yake ilipakuliwa na kuvutwa kwenda kupigana nchi kavu. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo.

Ukimweleza mgeni kwamba "the river is very sharp here", hakuna anachokiona akilini. Mwambie "the channel bends sharply to the left, and from the sea you cannot see behind it", naye ataelewa mara moja kwa nini meli ndefu vile iliweza kufichika. Ukimwelekeza nahodha wa kigeni, "turn sharp left" ni sahihi bila "-ly". Kiingereza kina mazoea ya kutumia "sharp" tupu kabla ya kushoto na kulia. "Turn sharply to the left" nayo ni sahihi. Kisicho sahihi ni kuchanganya: "turn sharply left side corner" na mengine ya namna hiyo niyasikiayo kwenye gati.

Kuna matumizi mengine ya mtoni yenye hatari ndani yake. "The bottom drops sharply" haimaanishi kwamba chini ya maji kuna kitu chenye ncha. Inamaanisha kwamba kina kinazama mara moja: hapa maji ni ya magoti, hatua mbili mbele yanakuzidi kimo. Nimemsikia mtu akilitafsiri onyo hilo kwa kundi la wanafunzi kama "huko chini ni kukali", na watoto wakaenda kutafuta ndala ili wasikatwe na chaza. Sema: "Msivuke hapa, hapo mbele kina kinazama, mtapotea." Kadhalika "the bank falls away sharply": ukingo umesimama wima, ni genge. Na hapa, nikiri kwa haki, "ghafla" inafaa, kwa sababu anayetembea majini haoni badiliko hilo mpaka limfike. Ndiyo maana ya kuangalia kitenzi kwanza: neno lile lile nililolikataa kwenye utabiri wa maji ya mto nalikubali kwenye kina cha maji.

Sasa watu. Kwenye mazungumzo ndipo tafsiri mbaya huharibu undugu.

Kiingereza cha vitabuni kimejaa "she said sharply", "he replied sharply". Mara nyingi hapo hakuna kelele wala matusi. Ni sentensi fupi, sauti imekaza kidogo, mtu ameonyesha kwamba amekereka. Kiswahili kina neno lake: kujibu kwa mkato. "Kwa ukali" ni nzito kuliko hiyo, na "kufoka" ni nzito zaidi. Fikiria mkutano wa kijiji. Mtafiti mgeni amejibu swali kwa mkato kwa sababu jua limemchosha. Baadaye taarifa inaandikwa na wenzake kwamba "she answered the elder sharply", na mkalimani anawasomea wananchi kwamba alimjibu mzee kwa ukali. Tayari pametokea kosa la adabu ambalo halikuwepo, na kesho mzee huyo hatakuja mkutanoni. Kabla ya kuchagua neno, jiulize kilichotokea kweli. Alipandisha sauti? Alifoka. Alimwonya mdogo wake? Alikaripia. Alikataza jambo ovu kwa uzito? Alikemea. Alijibu kwa maneno machache bila tabasamu? Kwa mkato, basi.

Ukielekea upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mpangilio ni huo huo. Bibi akimkaripia mjukuu ni sawa kuandika "she spoke sharply to him". Akimfokea ni "she shouted at him", na "sharply" itakuwa imepunguza mambo.

"Vikali" ina nyumba yake hapa. Ripoti ikilaani, ikikosoa, ikipinga au ikionya "sharply", tunasema imelaani vikali, imekosoa vikali, imepinga vikali, imeonya vikali. Waandishi wa habari wameizoea na wameizoea kwa haki. Ni vitenzi vya maneno, vya msimamo. Ukitaka kujua kama "vikali" inafaa, uliza kama kuna mtu anayetamka au anayepinga jambo. Kama yupo, endelea. Kama ni maji, bei, joto au idadi ya samaki, tafuta njia nyingine.

Lakini tahadhari na "sharply divided", ambayo hupatikana sana kwenye ripoti za utafiti kuhusu delta. Mikoko hapa inakadiriwa kufikia hekta 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote katika pwani ya Afrika Mashariki, na ni hifadhi ya serikali tangu enzi za ukoloni. Wakati huohuo ndani yake na pembeni yake kuna familia zinazolima mpunga na zinazoishi kwa kambamiti. Ni kawaida kusoma kwamba wakazi ni "sharply divided" kuhusu mipaka ya hifadhi. Maana yake ni kwamba maoni yamesimama pande mbili zilizo wazi na katikati hakuna watu wengi. Haimaanishi kwamba wanapigana. Mkalimani akisema "wamegawanyika vikali", anayesikia Dar es Salaam anaona mapanga. Sema "wamegawanyika pande mbili zilizo wazi" au "maoni yao yanapingana kabisa". Katika eneo lililokwisha kupitia misukosuko, kuongeza moto kwa neno moja ni dhuluma kwa wanaoishi humo.

Ndugu za hiyo ni "differ sharply" na "contrast sharply", ambazo hazina ugomvi hata kidogo: vitu vinatofautiana waziwazi. Mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, hutofautiana waziwazi, hata kwa anayeiona mara ya kwanza. Mpaka kati ya mikoko na shamba la mpunga unaonekana bayana kutoka angani. Picha iliyo "sharp" haina makali. Imetoka safi, haina ukungu. Mtu aliyevaa "sharply" amependeza. Haya hayahitaji maelezo zaidi.

Zahanati inahitaji maelezo. Daktari mgeni au mwanafunzi wa udaktari anauliza, "Is it a sharp pain?" na mkalimani anamuuliza mama, "Maumivu ni makali?" Mama anasema ndiyo, maana yanamuuma mno. Daktari anaandika "sharp". Hapo tumempoteza mgonjwa. "Makali" yetu yanapima ukubwa, ambao kwa Kiingereza ni "severe". "Sharp" ya daktari inauliza aina: kama kuchomwa na kitu chenye ncha, tofauti na "dull", maumivu yanayouma kwa mbali na kulemea. Maumivu yanaweza kuwa makubwa mno bila kuwa "sharp", na yanaweza kuwa "sharp" na yakawa madogo.

Kiswahili kina utajiri mkubwa hapa, ni kuutumia tu. Mwulize mgonjwa kwa maneno yake: "Tumbo linauma vipi, mama? Linachoma? Linakata? Linanyonga? Linawaka moto? Au linauma kwa mbali?" Kuchoma kama sindano na kukata kama kisu vinakaribia "sharp" ya daktari. Kunyonga ni kwa kubana na kuachia, si "sharp". Kuwaka ni "burning". Kichwa kinachopwita ni "throbbing". Kisha mwambie daktari neno lenyewe na namna mama anavyolielezea, akiweka mkono wapi, maumivu yakija na kuondoka au yakikaa. Hili linahitaji dakika moja zaidi ya mkalimani mwenye haraka, na dakika hiyo huenda ikabadilisha dawa atakayopewa.

Kwa wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, machache ya mpangilio. "Sharply" hupenda kukaa baada ya vitenzi vya kubadilika: "rose sharply", "dropped sharply", "turned sharply". Hupenda kutangulia kitenzi kilicho katika hali ya kutendwa: "was sharply criticised", "were sharply reduced". Ukitaka nomino, ondoa "-ly": "a sharp rise", "a sharp drop". Mvua hainyeshi "sharply", ni "heavily". Jua haliwaki "sharply". Sema "the sun is fierce" au "it is very hot". Mtu hasomi "sharply" wala hapendekezi jambo "sharply". Husoma "hard" na hupendekeza "strongly". Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996, ambayo bado imo kwenye kabati za shule nyingi, ni rafiki mwema, lakini kamusi yoyote hukupangia maana bila kukuchagulia. Kuchagua ni kazi yako, na kitenzi ndicho kitakachokusaidia.

Limebaki la saa, na hili husumbua sana gatini Nyamisati, wageni wanaokwenda Mafia wanapouliza boti. "Six o'clock sharp" ni saa kumi na mbili kamili. Hapa "sharp" husimama baada ya saa, bila "-ly", na "sharply at six" si Kiingereza cha kawaida. Hatari ipo pande mbili. Mgeni anayejua Kiswahili kidogo akisikia "saa kumi na mbili kamili" anaweza kufika saa sita mchana kwa hesabu yetu, kwa kuwa kwake kumi na mbili ni adhuhuri. Na nahodha akiambiwa "sharp" anaweza kudhani anaharakishwa kwa dharau, ilhali mgeni amemaanisha kamili tu. Kwenye karatasi ya safari andika zote mbili mstari mmoja: saa 12 kamili asubuhi, 6 a.m. sharp. Kisha mweleze mgeni, kabla hajalipa, kwamba saa hiyo ni ya kuwa gatini na mizigo. Kung'oa nanga kutategemea kama maji yameshajaa.